Sanduku la Kukhu

TANGU nitoke Kakamega wiki mbili zilizopita nina neno limenikaa kooni, na leo sina budi kulitema mbele yako.

Hebu kwanza nikuulize. Nyumbani kwako, chini ya kitanda au juu ya kabati, hakuna sanduku fulani ambalo halifunguliwi? Usiharakishe kukataa. Huenda ni la bati, huenda ni mkoba wa ngozi uliochakaa, au katoni tu iliyofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mna vitu vya mtu aliyekwisha kufariki. Havina thamani sokoni, hata muuza mitumba wa Gikomba hawezi kukupa shilingi kumi, lakini kila ukihama nyumba unahama navyo. Na mtoto akikuuliza unaviweka vya nini, unamwambia akamalize kazi yake ya shule.

La kwangu ni la bati, rangi ya kijani. Lilikuwa la nyanya yangu mzaa baba, ambaye sisi huko Shinyalu tulimwita Kukhu. Alifariki mwaka 2001, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemkanda miguu siku zake za mwisho, sanduku likaja Nairobi nami. Ndani mna rozari ya shanga za mbao iliyokatika mahali pawili na kuungwa kwa uzi mweusi wa cherehani. Mna kiko cha udongo ambacho mdomo wake umemeguka. Mna kibuyu kidogo cha mafuta, kisu kisicho na mpini, kitambaa cha kichwa cha rangi ya buluu, na jiwe. Jiwe lenyewe ni la mtoni, laini, kubwa kama yai la bata, limeviringishwa ndani ya kipande cha kanga. Kukhu hakuwahi kuniambia ni la nini. Nilijua tu kwamba lilikuwa la babu, na kwamba halikupaswa kuwekwa chini ovyo.

Basi likizo ya Agosti binti wa kaka yangu alikuja kunitembelea. Yuko Kidato cha Tatu katika shule moja ya wasichana kule Kakamega, na somo alipendalo kuliko yote ni sanaa. Mwalimu wao alikuwa amewaambia kila mmoja atengeneze sanamu ya vitu mchanganyiko, mada ikiwa kumbukumbu ya nyumbani. Usiku wa kwanza mtoto akaangusha kiatu, kikaingia uvunguni mwa kitanda changu, akainama kukitafuta. Yaliyofuata unaweza kuyakisia.

"Senge, hivi ni vya nani?"

"Vya Kukhu."

"Naomba univipe nitengenezee sanamu."

Msomaji wangu, sitakuficha, mkono ulinipanda. Mtoto hakumwona Kukhu hata siku moja. Alizaliwa bibi amekwisha kulala miaka mingi. Kwake ni makorokoro yenye rangi nzuri. Nikamwambia aweke kila kitu mahali alipokikuta, nikazima taa. Lakini usingizi haukuja, maana swali lake la mwisho gizani lilinichoma: "Sasa Senge, wewe ukifa yataenda wapi?"

Asubuhi ilibidi anifundishe hiyo sanamu ya vitu mchanganyiko ni kitu gani. Pengine nawe, kama mimi, ukisikia neno sanamu unawaza simba wa mti kutoka kwa wachongaji wa Wamunyu, au kiboko wa jiwe la sabuni kutoka Tabaka kule Kisii. Yaani fundi ana gogo moja au jiwe moja, ana patasi, anaondoa kisichotakiwa mpaka kitakiwacho kibaki. Hii nyingine haiondoi, inaongeza. Waya unashikana na ubao, ubao na kitambaa, kitambaa na kijiko cha zamani, mpaka vitu ambavyo havikuwahi kujuana viwe mwili mmoja. Na kila kitu kinakuja na historia yake. Kijiko hakiachi kuwa kijiko cha mama kwa sababu sasa ni mkono wa sanamu.

Mtoto alidhani ananieleza mambo mapya ya Ulaya. Nikacheka. Nikamwambia, wewe binti wa Isukha, mbona huko kwenu vitu mchanganyiko ni vya tangu jadi? Itazame ngoma ya isukuti. Fundi anachukua gogo analitoboa, anawamba ngozi ya kenge, anaweka vigingi na mkanda wa kuning'iniza begani. Wala haitoshi moja. Ziko tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na wenyewe huziita baba, mama na mtoto. Kisha inakuja pembe ya swala na njuga za chuma. Mti, ngozi, pembe, chuma, na familia nzima ndani yake! Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa haraka, angalia neno hilo. Maana yake wapigaji wanazeeka na vijana wamekwenda zao mijini, nikiwamo mimi.

Ukivuka upande wa Vihiga, ambao mpaka mwaka 1990 ulikuwa ndani ya wilaya ya Kakamega, utawakuta Watiriki. Vijana wao wa jando huvaa vinyago vinavyofunika kichwa kizima mpaka shingoni, vimepakwa nyekundu, nyeupe na nyeusi. Ni kazi ya mikono ya ajabu. Lakini jaribu kumwambia mzee wa Kitiriki akuuzie kimoja ukitundike sebuleni! Si pambo kile. Kina wakati wake na macho yanayoruhusiwa kukitazama, na macho yangu mimi mwanamke hayamo.

Hapo ndipo ugumu ulipo, msomaji wangu, na ndipo nilipokwama. Kitu kikiwa cha ukumbusho tu, kama kitambaa cha kichwa, ni chako wewe uliyekirithi, kikate utakavyo. Lakini kitu kikiwa kitakatifu kina wenyewe wengine, na baadhi yao hawajazaliwa na wengine wamekwisha kufa. Nani atakupa ruhusa?

Majirani zetu wa pwani wanalijua jambo hili kwa machungu. Wamijikenda husimamisha vigango, nguzo za mti zenye kichwa cha duara na nakshi za pembetatu, kuwakumbuka wazee waliokuwa wa chama cha Gohu. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Hata kikiliwa na mchwa kinaachwa kianguke chenyewe. Lakini miaka ya 1970 na 1980 wezi walikuwa wakiving'oa usiku, madalali wakiviuza kwa watalii na wakusanyaji, na vingi vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani vikisifiwa kuwa sanaa bora ya Afrika. Sanaa! Mwenye kaburi analia, wewe unasifu nakshi. Jumba la makumbusho la Denver lilirudisha 30 mwaka 2019, na lile la jimbo la Illinois likarudisha 37 mwaka 2023. Kurudi Kenya ni jambo moja. Kujua kila kimoja kilitoka uani kwa nani ni jambo jingine kabisa, maana mwizi hakuandika risiti.

Nilimsimulia binti haya nikidhani nimemtisha. Akaniambia, "Senge, mimi siibi. Mimi ni wa huo ua." Nikakosa jibu. Nikafungasha sanduku, tukapanda basi la usiku pamoja.

Sasa ngoja nikueleze juu ya baba mdogo, maana bila yeye hujaelewa hofu yangu.

Baba mdogo ndiye mtoto wa mwisho wa Kukhu, na ndiye aliyebaki boma. Mwaka 1983, akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu, aliokoka. Mhubiri mmoja alikuja akamwambia kwamba nyumba haitapata amani mpaka vitu vya mizimu vitolewe. Babu alikuwa amekwisha kufariki. Baba mdogo akatoa ngoma ile kubwa ya isukuti ya babu, akatoa mgwisho wake, akatoa na kofia ya ngozi, akavirundika nyuma ya zizi na kuvimwagia mafuta ya taa. Nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka moshi ulikuwa mweusi na ngozi ilinuka kama chakula kilichoungua. Kukhu hakulia wala hakugomba. Alikaa mlangoni na rozari yake, kwa kuwa yeye alikuwa Mkatoliki wa Mukumu tangu usichana. Usiku ule ule, nilikuja kujua baadaye, ndipo alipochukua jiwe na kiko cha marehemu mumewe, vilivyokuwa vimesalia darini, akavificha ndani ya sanduku lake la kijani. Nani angethubutu kufungua sanduku la nguo za mama mjane?

Tangu siku hiyo hatukulizungumza jambo lile nyumbani. Baba mdogo sasa ana miaka inayokaribia 80, ni mzee wa kanisa, na ni mtu mwema. Amesomesha watoto wasio wake. Lakini mimi nikiwa na sanduku lile mapajani ndani ya basi, nilijiona kama mwizi anayerudisha bastola nyumbani kwa polisi.

Tulipofika, binti hakuzunguka. Baada ya chai alimwendea mwenyewe: "Kuka, nataka kutengeneza sanamu ya Kukhu kwa vitu vyake." Mzee akanyamaza kwa muda mrefu. Akauliza, sanamu ya kuabudu? La, ya kukumbuka. Akasema, "Amri ya pili unaijua?" Mtoto akasema anaijua. Mzee akasema basi haina haja ya maneno mengi, akaenda kuwatazama ng'ombe wake.

Ni hapo, msomaji wangu, nilipomkumbuka Gregory Maloba. Kama hulijui jina hilo usione haya, hata mimi shuleni sikufundishwa. Lakini kama umewahi kushika noti ya Uganda ya tangu mwaka 2010, basi umeishika kazi yake mkononi ukanunulia ndizi.

Maloba alizaliwa Mumias mwaka 1922, hapo hapo Kakamega yetu, kwenye nchi ya Nabongo Mumia wa Wanga. Mapadri wa Mill Hill walikuwa wamefungua misheni Mumias mwanzoni mwa karne, na inasimuliwa kwamba kitu kilichomshika roho mtoto huyu kilikuwa sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa kanisani. Wenzake walipiga magoti mbele yake na kuondoka. Yeye alirudi nyumbani akitaka kujua mikono ya mtu iliwezaje kukitoa kitu kama kile, akachukua udongo na kuanza kufinyanga. Fikiria. Hakuna aliyemfundisha, hakuna somo la sanaa, na kitu chenyewe ni kitakatifu, hakiguswi. Alikigusa kwa njia pekee iliyokuwa wazi kwake: alitengeneza chake.

Udongo ule ulimfikisha Makerere, ambako mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alikuwa ameanza kufundisha sanaa mwaka 1937 barazani kwa nyumba yake. Maloba akawa miongoni mwa wachongaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kusomea kazi hiyo chuoni. Mapema miaka ya 1940, akiwa angali kijana, alichonga sanamu aliyoiita Kifo. Akaenda kusoma Uingereza, akarudi Makerere kuwa mwalimu, na miaka ya baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Uganda ilipokaribia uhuru mwaka 1962, ni huyu mtoto wa Mumias aliyepewa kazi ya kutengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala. Uko pale pale hata leo, karibu na bustani ya hoteli ya Sheraton. Ukienda usipite tu ukitafuta teksi, simama. Ni umbo refu la zege, mwili umefungwafungwa kwa vitambaa kuanzia chini kama aliyefungwa kamba, lakini juu umefunguka, na mikono miwili imemwinua mtoto kuelekea mbinguni. Waganda hueleza kwamba mtoto ni taifa lililozaliwa. Mimi siwezi kuutazama bila kuwaza mama na mtoto wa kanisani Mumias. Huenda nakosea, si mtaalamu. Lakini mtu aliyeanza maisha yake ya ufundi kwa kumtazama Maria, je, mama mwenye mtoto atamtoka mikononi?

Na kuna jambo la mwaka huo huo ambalo hufurahi kulisimulia. Wakati zege la Maloba linakauka, vitu vya Kibuuka vilikuwa vikirudi nyumbani. Kibuuka alikuwa mungu wa vita wa Waganda, na masalio yake yalikuwa yamechukuliwa mwanzoni mwa karne na mmishonari John Roscoe, yakakaa makumbusho ya Cambridge zaidi ya miaka 50. Yalirudishwa Kampala mwaka 1962. Sanamu mpya inasimama, masalio ya kale yanarudi, mji mmoja, mwaka mmoja. Cambridge haikumaliza deni, maana Juni 2024 ilipeleka tena vitu 39 katika Jumba la Makumbusho la Uganda, tena kwa mkopo wa miaka mitatu kwanza. Mkopo, eti.

Basi jioni ile nilimsimulia baba mdogo habari za Maloba, polepole, tukiwa tumekaa nje. Sikumwambia kwamba namfundisha. Nilimwambia tu kwamba kuna mtu wa Mumias. Alipenda ile ya noti. Alisema, "Kwa hiyo Waganda wanatembea na kazi ya Mluhya mfukoni?" Nikamwambia naam. Akacheka mpaka akakohoa. Hakutoa ruhusa, lakini asubuhi binti alipotandaza vitu vyake chini ya mwembe, hakuna aliyemfukuza.

Wanafunzi mnaonisomea, sogeeni hapa, kwa sababu najua baadhi yenu mna kazi kama hiyo na mnangoja usiku wa mwisho. Nilijifunza mengi kwa kumtazama mtoto akikosea.

La kwanza, mifupa kabla ya nyama. Alitaka kuanza na uso, kama sisi sote. Sanamu ikaanguka mara mbili. Mwishowe akafunga kiunzi cha waya mnene na fito, akakikazia juu ya kigoda kizito, akavika waya wa kuku, ndipo akaanza kubandika vipande vya magazeti vilivyolowekwa katika uji wa unga wa ngano. (Ndiyo, gazeti hili limo humo, tena ukurasa huu.) Tabaka moja likauke kwanza kabla ya lingine, la sivyo litaoza ndani na kunuka.

La pili, vitu havipendani vyote. Udongo mbichi ukiupaka juu ya ubao mkavu utapasuka, kwa sababu udongo hupungua unapokauka na ubao haupungui pamoja nao. Mti mbichi nao hupinda. Chuma kikikaa ndani ya karatasi yenye maji kitatoa kutu na doa litajitokeza juu hata ukipaka rangi. Ndiyo maana mafundi wa zamani walipenda kufunga kuliko kugandisha. Kamba huacha kila kitu kipumue. Gundi ni ndoa isiyo na talaka.

La tatu ndilo lililotuchukua siku nzima: kipi kitumike chenyewe na kipi kinakiliwe. Kitambaa cha buluu nilikubali akikate, akakipasua utepe utepe na kuzungushia mikono. Kibuyu na kiko viliingia vyenyewe, vimefungwa kwa uzi ili viweze kutolewa. Rozari nilikataa. Ilikuwa imebarikiwa, na Wakatoliki kitu kilichobarikiwa hawakitupi takatakani hata kikiharibika, hukizika au hukichoma kwa heshima. (Nililisema hilo la kuchoma kwa sauti ya chini.) Akatunga nyingine kwa mbegu alizookota njiani. Na jiwe je? Nikiwa mtoto nilisikia kwamba wazee wetu walikuwa na mawe uani, mahali pa kuwakumbuka waliotangulia na kuwapa chakula chao. Niliona ni bora jiwe lisigandishwe popote. Tukaenda Ilesi, kwa akina mama wafinyanzi wanaouza vyungu kando ya barabara ya Kisumu, karibu na lile Jiwe Liliaalo linalotiririsha maji kama machozi. Mama mmoja akatupa donge la udongo, binti akafinyanga jiwe la mfano, na mama akalichoma pamoja na vyungu vyake. Hakutoza hata senti. Tulinunua chungu kidogo kwa adabu, na hicho ndicho kikawa kichwa cha sanamu.

Na mwili? Mwili ni sanduku lenyewe. Nilitoa, msomaji wangu. Usiniulize nilifikiaje uamuzi huo, nilijikuta nimekwisha kusema ndiyo. Likasimamishwa wima juu ya kigoda, kifuniko kikiwa wazi kama mlango, na ndani binti akaweka rafu tatu. Rafu ya chini kiko na kibuyu, ya kati jiwe la udongo juu ya kipande cha kanga. Ukilitazama kwa mbali unamwona bibi aliyekaa mlangoni, mikono imening'inia, kichwa kimeinama kidogo. Ilinibidi niingie jikoni kwa muda.

Rafu ya juu aliiacha tupu. Bati la nyuma yake alilibabua kwa moto wa kuni mpaka likawa jeusi.

Siku ya tatu jioni baba mdogo alikuja na fimbo yake. Akaizunguka sanamu mara moja kimya. Alikitambua kiko, nilimwona. Miaka arobaini alidhani hakuna kilichobaki, na sasa kiko cha baba yake kimekaa mbele yake na mdomo uliomeguka. Nilingoja aulize kilikuwa wapi. Hakuuliza. Alinyosha fimbo akagusa ile rafu nyeusi.

"Na hapa pana nini?"

Moyo ulinipiga. Mtoto, ambaye sikuwa nimemfundisha la kusema, akajibu kwa adabu: "Hapo ni pa vile vitu vilivyoungua, Kuka. Nilitaka kuvitengeneza lakini sijui vilikuwaje. Senge naye alikuwa mdogo, anakumbuka moshi tu."

Unajua, tangu 1983 hakuna mtu aliyewahi kulisema jambo lile mbele yake kwa maneno mepesi kama hayo. Hakukuwa na lawama ndani yake. Lilikuwa swali la mwanafunzi anayetaka vipimo. Na nilipotazama uso wa mzee nikatambua kitu ambacho sikuwa nimekiwaza katika miaka yangu yote ya kumnunia moyoni: ndugu zake wote wamekwisha kufa. Yeye aliyewasha moto ndiye mtu pekee duniani anayejua ngoma ile ilifananaje.

Alivuta kiti. Akakaa. Akasema, "Ilikuwa ndefu kupita hiyo rafu." Akapima kwa mkono kutoka kifuani mpaka gotini. "Mti wake ulitoka msituni, baba aliutafuta kwa muda wa mwezi mzima. Ngozi ilikuwa imepasuka hapa upande wa kushoto, akaishona kwa mshipa wa ng'ombe. Ukiipiga palipopasuka ilikohoa." Mtoto akakimbia kuleta daftari. Mzee akautazama mchoro wa kwanza akasema sivyo, umeifanya nene, nipe kalamu. Mikono inamtetemeka siku hizi, mistari ilikwenda upande, lakini alichora. Akachora na mgwisho. Kofia ilimshinda, akafumba macho muda mrefu, kisha akasema nywele zilikuwa zimeelekea nyuma.

Tulikaa pale mpaka mbu wakatuzidi.

Asubuhi yake nilikuwa na basi la kurudi Nairobi. Jiwe la babu nimelirudisha katika kanga yake, na safari hii sikuondoka nalo. Nilimwachia baba mdogo, naye akalipokea kwa mikono miwili na kuliweka mfukoni mwa koti bila neno. Binti alikuwa amepata gogo dogo la kutobolea ngoma ya mfano. Shida ilikuwa ngozi. Kenge ni adimu siku hizi, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha, kwa hiyo nilishauri ngozi ya mbuzi, inapatikana kwa mchinjaji yeyote pale Khayega. Baba mdogo alinitazama kama niliyemtukana mama yake. Gari linaondoka, bado namsikia akigomba pale uani kwamba ya mbuzi haikohoi.